Asimina, mchora sahani anayetazama pembeni

Saa mbili asubuhi, tanuri bado lina joto la kutosha kuoka mkate. Asimina Kontiza, mwenye umri wa miaka 61, anaweka kiganja kwenye mlango wa chuma, anahesabu kimoyomoyo hadi kumi, kisha anakitoa.

"Bado," anasema. "Likifunguliwa sasa sahani itapasuka, na mimi nitapasuka nayo."

Juu ya mlango huo imetundikwa sura ya Medusa ya udongo: ulimi nje, meno kama ya ngiri, nyoka mahali pa nywele. Katika ukoo wa Asimina, hakuna awashaye tanuri bila sura hiyo. Kazi yake ni kukitisha kijicho cha watu kabla hakijaingia ndani kuharibu vyombo.

Uani wanasubiri watu wawili. Mmoja ni mama mkwe wake, Bibi Kalliroi, mwenye miaka 86, anachambua dengu kwenye sinia. Mwingine ni Mwalimu Aristos Galanos, mstaafu na mwenyekiti wa chama cha utamaduni cha kisiwa hiki cha Serifos. Amekwisha kunywa kahawa mbili na sasa anatafuna kijiti.

Ndani ya tanuri mna sahani moja tu. Ikitoka salama, Jumapili itatundikwa kwenye ukumbi mpya wa chama pamoja na nyingine sita. Ikiharibika, nafasi yake itajazwa na picha iliyochapwa kwa mashine kutoka Athens, na Asimina ataweka brashi chini moja kwa moja. Sharti hilo hakuwekewa na mtu. Alijiwekea mwenyewe.

"Nimechora miaka thelathini na minne," analiambia gazeti hili. "Kama mkono umekwisha, nataka kujua leo, nisije nikaanza kuonewa huruma."

Kuonewa huruma ni kitu asichokiweza kabisa. Alizaliwa kisiwa jirani cha Sifnos, kwa wafinyanzi, akaolewa Serifos, kwa wachimba madini ya chuma. Mama mkwe hakumpokea kwa maua.

"Nilimwagiza mwanangu alete mke," anasema Bibi Kalliroi bila kuinua kichwa. "Akaniletea mtu na vyungu kumi na vinane. Tukakosa pa kulala!"

"Na hivyo vyungu ndivyo vilivyokulisha, mama."

"Nani amekataa? Nimesema tulikosa pa kulala."

Mume alifariki miaka tisa iliyopita. Tangu hapo wanawake hawa wawili wanaishi kwa sahani. Ndogo, ambayo watalii huibeba mkobani, ni euro 12. Kubwa ni euro 40. Msimu ni miezi mitatu, halafu upepo unabaki na kisiwa chake. Mwaka jana Asimina alipata euro 5,200, na karibu nusu ikaishia kwenye udongo, kuni na tiketi za meli.

Kwa hiyo chama kilipomwagiza sahani saba kwa mpigo, zote za Perseas, alifanya ishara ya msalaba mara tatu.

Kisa cha Perseas hapa hakisimuliwi, kinadaiwa. Shujaa huyo alilelewa kisiwani humu. Mfalme alimtamani mama yake, na ili amwondoe kijana njiani akamtuma alete kichwa cha Medusa, kiumbe ambaye ukimtazama unageuka jiwe. Perseas alimkata bila kumtazama, akiangalia kivuli cha kiumbe huyo kwenye ngao inayong'aa. Aliporudi, akamwonyesha mfalme kile kichwa, pamoja na wote waliokuwa mezani kwake. Mawe yapo mpaka leo. Bibi Kalliroi atakuonyesha lipi ni mfalme na lipi ni mpishi, na ole wako ubishe.

Mwalimu Galanos alitaka kila sahani ionyeshe jinsi wachoraji wa zama fulani walivyokiona kisa hicho. Asimina akakaa na vitabu miezi mitano.

Wa kale kabisa, anaeleza, walimpa Medusa kiwiliwili cha farasi. Waliofuata wakampa meno ya ngiri na kumfanya akimbie kwa magoti yaliyokunjwa, uso wote ukimkodolea mtazamaji. Miaka mia moja na ushee baadaye, wengine wakamhurumia: wakamchora msichana mzuri aliyelala, hana habari, na shujaa ananyata na mundu.

Warumi walijali zaidi binti ambaye Perseas alimwokoa kutoka kwa dude la baharini njiani akirudi nyumbani. Waarabu, waliochora nyota, walimweka mbinguni, na kichwa alichoshika wakakiita cha zimwi. Kwao Medusa ana ndevu. Kisha wakaja Waitalia, wakamsimamisha shujaa uchi juu ya maiti, ameinua kile kichwa kama mtu aliyeshinda kombe.

"Wanabadilisha kila kitu," anasema Asimina. "Mabawa, nguo, nyoka, hata ndevu! Lakini mwanamume huyo anapokata, anaangalia pengine. Hilo hakuna aliyethubutu kulibadilisha."

Hakuna, isipokuwa yeye. Na hakukusudia.

Ilikuwa sahani ya tatu, ile ya msichana aliyelala. Mwalimu Galanos alikuja kuichukua, akaisogeza dirishani, akacheka. Shujaa alikuwa amegeuza kichwa vizuri, lakini kitone cha jicho kilikuwa kimesukumwa kwenye kona isiyo yake. Perseas alikuwa anamchungulia Medusa.

"Nikamwambia, Bi Asimina, huyu amekwisha kuwa jiwe, mundu haujafika shingoni," anakumbuka mwalimu. "Nilidhani ni utani wake. Mtoto wa darasa la kwanza hapa hawezi kukosea jicho la Perseas. Nikamwona anatafuta hicho kitone kwa kidole. Anapapasa sahani. Basi nikaelewa. Niliona aibu, kana kwamba nimemfungulia mlango wa chumbani."

Siri hiyo alikuwa ameificha miezi kumi na minne. Daktari wa Athens alikuwa amemwambia kwamba macho yake, la kulia na la kushoto, yana doa katikati, na kwamba doa hilo halina dawa. Giza halitamfunika. Ukingoni ataendelea kuona, lakini kila atakachokikazia macho kitafutika.

"Nikimtazama mtu usoni, uso haupo," anasema. "Masikio yapo, mabega yapo, katikati ni kama mtu amepitisha kitambaa kibichi. Hebu fikiria ni mimi, ninayeishi kwa kuchora nyuso!"

Alidhani nyumbani hakuna anayejua. Bibi Kalliroi anamkatiza.

"Mimi nilijua siku niliyotafuna jiwe kwenye dengu. Mtu wa Sifnos kuacha jiwe kwenye dengu! Nikasema, hapa kuna jambo. Tangu siku hiyo dengu nachambua mimi."

"Na hukuniambia, mama."

"Na wewe uliniambia, macho yangu?"

Ndivyo akina mama wa hapa wanavyomwita mtu wanayempenda: macho yangu. Asimina anaondoka haraka kwenda kupapasa mlango wa tanuri, ingawa amekwisha kuupapasa sasa hivi.

Sahani ya tatu aliirudia. Iliyofuata ikamchukua wiki tatu, ya tano wiki nne, ya sita akailia machozi. Ya saba ilikuwa ya zama zetu. Hapo hapakuwa na kitabu cha kunakili, na mwalimu, kwa nia njema, akamshauri apumzike. Picha ya mashine ingetosha. Asimina alimfukuza uani kwa ufagio. Kesho yake akamtumia pai ya maboga, na ombi la siku kumi.

Siku nne za kwanza aliharibu sahani tano. Siku ya tano, akiwa amechoka, aligeuza kichwa dirishani kumfokea paka wa jirani aliyekuwa juu ya kuni. Brashi ilikuwa bado mkononi. Ghafla, kwa pembe ya jicho, akauona mstari aliokuwa akiuchora. Wote, mwanzo hadi mwisho.

"Niliganda. Nikajisemea, wee Asimina, mjinga mkubwa! Umemchora huyu mtu mara ngapi? Mara elfu? Na siku zote ulidhani amegeuza uso kwa woga."

Tangu hapo alichora akiwa ameangalia ukuta, sahani ikiwa upande wa kushoto, kidole gumba kikitangulia kupima nafasi na brashi ikifuata. Bibi Kalliroi alikatazwa kucheka. Alicheka.

Saa nne kasorobo Asimina anahesabu hadi kumi, na safari hii kiganja kinabaki mlangoni.

"Tayari. Na mtu asisifu kitu!"

Mlango unalia. Moshi wa matawi ya msonobari yaliyofukizwa jana unatoka na harufu yake. Anaingiza mikono yenye glavu, anaitoa sahani, anaigonga kwa kipande cha chuma. Inalia safi. Bibi Kalliroi anaitemea mate hewani mara tatu, ftu, ftu, ftu, na kusema ni mbaya sana, haina maana, ili kijicho kisikie.

Mwalimu Galanos anatafuta jicho kwanza. Anainama, anavua miwani, anaivaa tena.

Shujaa wa sahani ya saba hana mabawa wala kofia ya uchawi. Ana nywele fupi na mikunjo shingoni. Mkono mmoja umeshika mundu. Mwingine unapapasa nyoka taratibu, kama mtu anayetafuta kifungo gizani. Uso umegeukia nje ya picha, na kitone cha jicho kiko kwenye kona yake, kona ya mbali, mahali pake hasa.

"Bi Asimina," anasema mwalimu, "huyu Perseas ni mzee."

"Ana miaka sitini na mmoja. Umekatazwa?"

Kwenye ukingo pana maneno ambayo sahani elfu za nyuma hazikuwa nayo, kwa namna ya wafinyanzi wa kale waliokiacha chombo kijisemee: Asimina alinichora. Mwalimu anayasoma kwa sauti mara mbili.

Jumapili atazitundika zote saba. Baada ya hapo Asimina anataka kutengeneza sura za Medusa za udongo, za kuweka juu ya majiko na matanuri, kwa sababu hizo zinafinyangwa kwa vidole na hazidai macho. Tayari ana oda nne kutoka kwao Sifnos. Na kila majira ya baridi, Mungu akipenda, atachora sahani moja ya kwake, hata ikimchukua majira yote.

"Haya, nipeni na mimi niione," anasema.

Mwalimu anaiinua sahani na kuishika mbele yake, kwenye jua. Asimina anajifuta mikono kwenye aproni, anasogea karibu kabisa, kisha anageuza uso na kuangalia ukuta.

"Ahaa," anasema. "Huyo hapo."