Mbwa Aliyeitika

Fundi cherehani huongea pini zikiwa mdomoni, kwa hiyo hapandishi sauti. Mbwa ambaye fundi alimchukua akiwa tayari mkubwa hulala juu ya vitambaa vya wateja. Kila mara fundi humshusha taratibu, akapigapiga gunia sakafuni: "Hapa, baba." Dada yake amechoka: "Asipoacha kufikia Jumamosi, mdogo wangu, anaondoka."

Leo amelalia gauni la bibi harusi. "Toka!" dada akafoka. Mbwa akamjia akitikisa mkia. "Toka, nimesema!" Akazidi kusogea, mkia ukichanganya kasi.

Fundi akatema pini kiganjani, moja moja. "Dada, usimfokee. Huko alikokuwa walimwambia hivyo mpaka akadhani ndilo jina lake."

Dada akachuchumaa mbele ya mbwa.

"Basi tumwite nani?"