Kitako cha Kiondo

Ashukuriwe Mungu, anayetubeba hata magoti yanapokataa.

Mwezi uliopita nilimpeleka mke wangu Nairobi, kwenye jumba kubwa la makumbusho. Mpwa wetu alikuwa ameona huko kiondo, kikapu cha kusukwa kwa nyuzi, cha Yatta. Zamani watu wa makumbusho walinunua kiondo cha mama mkwe wangu pale Kithimani, huko huko Yatta. Marehemu hakuacha picha, na vitu vyake viliungua pamoja na nyumba. Mke wangu alitaka kujua kama kile ndicho.

Tulipita ndege waliokaushwa, mafuvu, vinyago vya nchi nisizozijua. Kila chumba kilifungukia kingine. Nilitafuta benchi.

"Mzee, ukikaa hutainuka," mke wangu akasema. "Watakuwekea kibao, watoto wa shule waje wakuandike."

Hatimaye tukakikuta, kimekaa kwenye rafu ya kioo ndani ya kabati. Kibao kilisema Yatta tu, bila jina la msukaji.

"Sehemu ya juu tulisuka hivi sote," akasema. "Mama nitamjua kwa kitako. Wenzake walianza na nyuzi sita, yeye nane."

Mlinzi, msichana mpole, akasogea, akamwita kama bibi yake. "Shosho, kabati hatufungui."

"Sijasema ufungue. Nataka kuona chini, na macho yangu yana mtoto wa jicho."

"Mtu akilala sakafuni ataona. Nilale mimi?"

"Wewe utahesabu nini, mwanangu? Huyu mzee ameishi na wasukaji."

Nikashuka polepole, mkono mmoja ukutani, nikalala chali kwenye sakafu baridi. Msichana akanimulikia tochi.

"Ngapi?"

"Sita."

"Rudia."

Nikarudia, nikizitafuta mbili zaidi. Ningeweza kusema nane. Asingeweza kuinama ahakikishe, na angerudi nyumbani na mama yake. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, lakini siku hiyo ukweli ulikuwa mzito kuutamka.

"Ni sita, mama."

Akaweka kiganja kwenye kioo. "Basi huyu ni mama wa mtu mwingine," akasema. "Naye hawakumwandika jina. Tumwombee."

Nikamwombea msukaji yule nikiwa bado nimelala, kwa maana sikuweza kuinuka. Kisha wale wawili wakaninyanyua, tukaanza safari ya kurudi nyumbani Machakos.

Wewe unayesoma, Mungu awakumbuke wazee wako kwa majina yao yote, na akupe mtu wa kukunyanyua.