Nani Anajibu?

Siku ya kwanza kazini, katika ofisi ya vyumba viwili kwenye komuni ya Ruwenzori, mjini Beni, shefu wa mradi aliniuliza nilisoma mpaka wapi. Nikamwambia niliacha sekondari mwaka wa pili, kisha nikaendesha pikipiki, nikatengeneza redio, nikahama hapa na pale. Nilidhani atanitoa.

"Muzuri," akasema. "Weye utakuwa mujaribu. Ukipotea mu ile programu, batoto nabo batapotea."

Ilikuwa programu ya simu, ya kujipima kabla ya mtihani wa serikali. Unagusa jibu, inakuambia papo hapo kama umepata. Kazi yangu iliitwa jaribio la matumizi: kumtazama mtu akitumia chombo bila kumsaidia. Ugumu wake ni kunyamaza. Mwanafunzi anahangaika kutafuta kitufe cha kuendelea, nawe mkono unakuwasha. Tulikishusha kitufe kile karibu na kidole gumba. Tulikuza herufi, maana skrini nyingi zilikuwa zimepasuka. Mtandao ukikatika, majibu yalibaki salama ndani ya simu.

Kisha nikatumwa Butembo. Huko wasichana wanne walijisomea kwenye simu yetu moja ya majaribio, nyuma ya duka la mabati. Aliyeishika daima ni Masika, na programu ilifunguliwa kwa jina lake. Familia yake ilikimbia vita kutoka Mangina, masomo yakakatika. Akianguka mtihani, baba yake alishasema, atabaki kuuza maharage sokoni. Kila jioni programu ilimwandikia: Uko tayari.

Mimi nilitazama vidole. Masika alisoma swali kwa sauti, wenzake wakajibu, yeye akagusa. Yeye mwenyewe hakujibu hata moja.

Nikampigia shefu, nikamweleza. "Lakini simu moja, mutumiaji mumoja," akasema.

"Shefu, huku simu moja ni benchi nzima."

Akakubali: "Basi, ile programu ibaulize."

Toleo jipya liliuliza kabla ya kila swali: Nani anajibu? Chini yake yalikuwa majina yao, na nafasi ya kuongeza jingine. Siku hiyo mstari wa alama za Masika ulitoka mtupu.

"Kumbe weye ni shofere," Kavira, mmoja wa wale wanne, akamcheka. "Unapeleka batu ku misa, weye unabaki inje."

Masika akanigeukia. "Papa Kambale, juu ya nini umenipatisha haya mbele ya benzangu?"

Kesho yake alimpa Kavira simu, akaketi katikati. Akakosea, akakosea tena. Wenzake walipofungua midomo, akawazuia: "Hapana kuniambia. Muniache kwanza."

Alifaulu. Sasa anasoma Kisangani, na wenzake wametawanyika, Goma na Kampala. Mimi niliyekuwa situlii mahali ndimi niliyebaki.

Ninyi mnaounda programu hizi leo mna vyombo vya kuhesabu kila mguso. Sivionei wivu. Ninachokitamani ni vichwa vile vinne juu ya skrini moja.

Nilipostaafu ofisi iliniachia simu ile, betri imechoka. Jana niliifungua. Nani anajibu? Chini ya majina yao manne kulikuwa na la tano, ambalo sikuliandika mimi: Papa Kambale.

Nikaligusa. Likaja swali la jiografia. Nilikaa kidogo kabla ya kulisoma, nikingoja sauti ya Masika.