Betri ya Saluni Kwenye Ngoma ya Baba

Kichwa kilichoniingiza kwenye mambo ya betri kilikuwa cha msimamizi wa bwana harusi. Nilikuwa nimeshanyoa upande wa kulia, safi kabisa, umeme ukakatika. Upande wa kushoto nywele zilibaki zimesimama vilevile zilivyoingia saluni. Akajitazama kwenye kioo, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole uliotisha kuliko ukali, "Dada, sasa nafanyaje?" Nilimalizia kwa mkasi na wembe huku nikimwomba Mungu, na akaenda kanisani na kichwa chenye ramani. Siku hiyo niliapa kwamba saluni yangu ya Igoma haitategemea tena umeme wa kwenye nguzo.

Mimi si msomi wa umeme. Ni kinyozi, mwanamke, na ubishi nimeurithi kwa baba. Lakini jirani yangu, ambaye tunatenganishwa na ukuta wa mbao tu, ni fundi simu, mtu mpole anayeongea huku bisibisi iko mdomoni. Ndiye aliyenifungulia betri ya kompyuta ya mkononi iliyokwisha kufa. Nilidhani ndani kuna kitu kimoja kikubwa. Kumbe kuna vibetri sita vya duara, vimepangwa kama soda kwenye kreti. Akanieleza kwamba betri ikifa, mara nyingi wamekufa mmoja au wawili tu, wale wengine wanazikwa wazima. Mwenzangu, niliingiwa na huruma. Nikaanza kuokoa maisha.

Wauza chuma chakavu wakanizoea. Wanawake wengine asubuhi wanaulizia samaki sato, mimi naulizia betri za kompyuta zilizokufa. Nikifika nazo nyumbani nazifungua, nachaji kibetri kimoja kimoja, navilaza juu ya kabati wiki nzima, kisha navipima kwa mita. Kilichoshuka, nje. Kinachopata moto wakati wa kuchajiwa, nje haraka na mbali na nyumba, kwa sababu vitu hivi vikikasirika vinawaka kweli. Nimeshaunguza pazia moja la jikoni, na nyumbani msimamo wetu mpaka leo ni kwamba liliunguzwa na jiko.

Vilivyofaulu mtihani niliviunga kwa vipande vyembamba vya nikeli, nikaweka kibao cha saketi cha kuvilinda visishibe kupita kiasi wala kukauka kabisa, nikavifungia ndani ya sanduku la mbao. Juu ya sanduku nikaweka kidirisha chenye namba nyekundu za kuonyesha umeme uliobaki. Pembeni nikatoboa matundu kumi na mawili ya kuchajia simu, ili wateja wasichoke kusubiri. Siku namba zile zilipowaka kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikacheka tena, mpaka mteja aliyekuwa kwenye foleni akahamia kiti cha karibu na mlango. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa nimetengeneza umeme kutokana na takataka, na mashine ya kunyolea inanguruma mkononi wakati mtaa mzima hauna kitu.

Sasa niseme habari za baba. Baba ni manju, kiongozi wa ngoma na mtunzi wa nyimbo zake. Kwetu Usukumani, mavuno yakishaingia ndani, makundi mawili ya ngoma hukutana kwenye uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, hili huku na lile kule. Hakuna jaji. Watazamaji wanasimama wanakopenda, wakichoka wanahama, na jua likiinama, kundi lenye watu wengi ndilo lililoshinda. Baba aliongoza kundi lake kabla mimi sijazaliwa. Lakini miaka mitatu mfululizo alikuwa amepigwa, tena vibaya, kwa sababu wapinzani wake walianza kuja na jenereta na maspika makubwa kama makabati, na sauti ya baba imeshuka kwa umri.

Mwaka jana, wiki mbili kabla ya ngoma, alinipigia simu.

"Mwanangu, nikishindwa na mara hii, naweka manyanga chini. Siwezi kuwaimbia wachezaji wangu peke yao."

Alisema taratibu, kama mtu anayekuarifu kwamba kesho ataamkia shamba. Mimi nilikaa chini kwenye kiti cha wateja. Baba asiyeimba simjui. Anaimba akichunga, anaimba akinawa, akikugombeza anaweka na kiitikio. Nikamwambia asiweke chochote chini, nakuja na sanduku langu.

Nilifika kijijini kwetu, kule kando ya ziwa, nikiwa nimebeba sanduku, kipaza sauti na spika mbili nilizoazima kwa yule fundi simu. Wanakundi wakalizunguka. Ikumbukwe kwamba kila kundi huja na dawa yake ya kuvutia watu, hilo ni jambo la kawaida. Kwa hiyo mzee mpiga ngoma kubwa, baada ya kuitikia shikamoo yangu, akaniuliza kwa heshima zote dawa hii nimepewa na mganga wa wapi.

"Nimeitengeneza mwenyewe, Igoma," nikasema.

Akakubali kwa kichwa. Alishasikia kwamba Igoma siku hizi kuna wakali. Wakalifunga sanduku utepe wa kitambaa cheusi na kupiga marufuku mtu yeyote kuliruka, nami sikubisha, maana hata fundi simu hapendi waya zake zirukwe.

Ngoma ikaanza mchana. Sauti ya baba ilitoka safi kwenye spika zangu, nikavimba kichwa. Kwa muda wa nyimbo mbili hivi. Kisha wapinzani wakawasha jenereta lao, na maspika yale makabati yakafunguka. Watu wakaondoka kwetu kama siafu waliomwagiwa majivu. Nikahesabu waliobaki: ishirini, nusu yao ndugu, mama yangu akiwa mbele kabisa, mahali pake pa siku zote, na mbuzi wawili ambao sina hakika walimfuata nani. Baba aliendelea kuimba, lakini mimi namfahamu. Mabega yalikuwa yameanza kushuka.

Hapo ndipo shangazi yangu, dada yake baba, alipoiona simu yangu imechomekwa kwenye sanduku.

"Hicho kitu kinachaji?"

"Kinachaji, shangazi."

"Mbona husemi?" Akatoa yake kifuani. "Tangu juzi hatuna umeme kijiji kizima."

Nikamchomekea. Jirani yake akaona. Kabla wimbo haujaisha, matundu yote kumi na mawili yalikuwa yamejaa, na walioshika simu mkononi wamenizunguka wakiuliza ya nani iko karibu kujaa. Na kwetu mtu anaweza kukuachia mtoto umshikie, lakini simu haachi. Kila mwenye simu alisimama palepale akiilinda, wake zao wakaja kuona waume wamepotelea wapi, watoto wakawafuata mama zao. Wapinzani walipogundua wakatoa waya wao kutoka kwenye jenereta na kutangaza kwamba hata kwao kuna kuchaji. Hakwenda mtu. Hakuna asiyekuwa na ndugu aliyeunguziwa simu na jenereta.

Nilikuwa napepea kama bendera. Nilikuwa nachomoa na kuchomeka mikono miwili, natoa amri kama kondakta wa stendi ya Buzuruga, "Wewe umeshafika nusu, mpishe mwenzako." Sikumbuki lini nilifurahi namna ile. Kisha nikatupia macho kwenye zile namba nyekundu, na furaha yote ikakatika. Umeme ulikuwa unaisha. Sanduku nililitengeneza kwa ajili ya mashine moja ya kunyolea, na sasa linabeba spika mbili na kijiji. Sauti ya baba ikaanza kukwaruza.

Hapo hesabu haikuhitaji fundi. Nikizichomoa simu, watu watarudi kwa wapinzani. Nikizima spika, baba hasikiki, na jua bado liko juu. Nikaamua kumwokoa baba. Nikashika waya wa kwanza niuchomoe, na mwenye simu, mama mmoja mpana, akanitazama jinsi mtu anavyomtazama mwizi wa kuku. Mkono ukagoma.

Baba alikuwa ameona. Wimbo ulipokwisha akawaachia wapiga ngoma waendelee, akaja huku anajifuta jasho.

"Kuna nini?"

"Umeme unaisha, baba. Ni sauti yako au ni simu zao."

Akawatazama watu. Akazifuata zile waya kwa macho, moja baada ya nyingine, kutoka kwenye sanduku mpaka mikononi mwa wenyewe. Kisha uso wake ukajaa utundu ambao sijawahi kuuona kwa mzee wa umri ule.

"Zima sauti," akasema.

"Baba, hawatakusikia."

"Wataenda wapi?"

Nikazima. Baba akarudi katikati, akaimba kwa sauti aliyobakiwa nayo, nyembamba, yenye ufa. Mimi nilishindwa kumtazama, nikatazama chini. Waya zangu zilikuwa fupi, hazifiki hata hatua moja, kwa hiyo watu hawakuweza kusogea. Waliweza tu kuinama mbele wamtegee sikio. Wakainama. Wa nyuma wakawanyamazisha wa mbele. Na baba, akiwa amewaona walivyo, akatunga papo hapo ubeti juu ya ndama waliofungwa kamba fupi, wananyonya wamefumba macho, ng'ombe mwenyewe ni sanduku na hana hata mkia. Wakapasuka kwa kicheko. Akaurudia, wakaitikia. Simu haijai haraka, na mtu aliyesimama akingoja robo tatu hujikuta ameshajua kiitikio, na akishakijua anataka kukiimba. Kicheko kile kikawavuta na wale wa upande wa pili, maana nani anavumilia watu wacheke kitu asichokiona? Nikamwona mmoja wa wachezaji wa wapinzani, amevaa njuga zake zote, anakuja ananyata kwa aibu huku ameshika simu.

Jua lilipoinama, upande wa pili ulikuwa umebaki na jenereta, maspika na wenyewe tu. Manju wao akavuka uwanja kuja kumpa baba mkono, kama ilivyo desturi. Alimpa mkono vizuri, akampongeza kwa maneno mazuri, kisha akaniinamia mimi na kuniuliza kama naweza kumpa dakika tano tu za chaji.

Asubuhi yake tulikaa uani, baba anatafuna michembe ya viazi vikavu, miguu ameinyoosha juani. Akaniambia sanduku lile mwakani niliongezee matundu. Mwakani. Nililisikia neno hilo nikataka kumkumbatia, lakini dhamiri ilinisuta. Niliona siwezi kumwacha mzee wangu ajivunie kitu ambacho si chake.

"Baba, nisamehe, lazima nikwambie. Wale watu walikuja kuchaji simu."

Akaendelea kutafuna. Michembe haiharakishwi.

"Mwaka nilioshinda mara ya kwanza," akasema mwishowe, "nilikuja na nungunungu. Nilimfundisha kucheza. Walikuja kumwona nungunungu." Akamwonyesha mama kwa kidevu. "Na huyu alikuja kumwona nungunungu."

Mama alikuwa anamimina uji, wala hakugeuka.

"Nungunungu mwenyewe alilala kutwa nzima," mama akasema. "Mimi nikabaki."