Mke wa Profesa wa Maji Mafu

Mwanabaraka ana miaka arobaini na moja, watoto sita na kijiti kimoja. Watoto kila mtu pale Kunduchi anawajua, kwa majina na kwa makosa yao. Kijiti anakijua yeye, anakijua Sebastian, tabibu wa zahanati, na anakijua Mungu. Mumewe hakijui, ingawa kimo mkononi mwa mwanamke anayelala naye kitanda kimoja, chini ya ngozi, na kinapapasika kama mwiba wa samaki. Na mume huyo ndiye anayejiita mtaalamu wa uzazi.

Tuanze na mwanamke mwenyewe kabla mumewe hajammeza, maana ndiyo kawaida yake. Mwanabaraka ni mzaliwa wa hapo hapo, anakaanga samaki jirani na mnada tangu Munira, binti yake wa kwanza, yuko kifuani. Ulimi anao. Mteja akimbonyeza samaki mara mbili, humuuliza kama anatafuta godoro. Lakini ulimi huo hukaa sokoni. Jioni akifika nyumbani anauvua pamoja na ndala mlangoni, kwa sababu ndani ya nyumba ile maneno yote yana mwenyewe.

Mwenyewe ni Mwinjuma, dalali wa samaki. Miaka ishirini na mbili ya kunadi imempa sauti ambayo haijui kwamba mnada umekwisha. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, mtaa wa pili wanapata habari.

Alipozaliwa Suleiman, wa sita, damu ya Mwanabaraka ilikataa kukatika. Hospitali walimwongeza chupa tatu. Daktari aliwaita wote wawili akasema bila kuzunguka kwamba mimba nyingine inaweza kumuua. Mwinjuma alilia. Tumpe haki yake: alilia mbele za watu, na kwa wiki mbili alifua nepi kwa mikono yake. Daktari alipotaja vidonge, sindano, kitanzi na kijiti, alisikiliza. Alipofika kwenye kufunga uzazi kwa mwanaume, Mwinjuma aligeuka kutazama dirishani, akaona huko nje kuna mambo ya maana zaidi.

Wiki ya tatu akapata elimu.

"Mke wangu hatiwi madude ya hospitali," alitangaza. "Siku nikisikia ana dude mwilini, atarudi kwao nalo. Mie nauza samaki miaka yote hii. Bamvua likija na mwezi mwandamo au mpevu, maji yakijaa, samaki nao wana mayai tele. Yakiwa maji mafu, bahari imelala, tumbo jeupe. Mwanamke naye kaumbwa na Mungu yule yule."

Ndivyo ilivyoamuliwa. Siku za bamvua kila mtu na upande wake wa kitanda. Siku za maji mafu, ruksa. Akaitundika kalenda ya msikiti nyuma ya mlango wa chumbani na kuzizungushia tarehe kwa kalamu nyekundu. Mtu angeweza kumuuliza, kama elimu yenyewe ni rahisi hivyo, wale watoto sita walipita wapi. Mwanabaraka hakuuliza. Kesho yake alivaa baibui, akaaga kwamba anafuata mafuta ya kukaangia, akaenda zahanati.

"Mama, baba anajua?" Sebastian alimuuliza. Alikuwa kijana wa Songea, mpole, ambaye bado aliamini kwamba nyumba zina mazungumzo.

"Baba anajua kila kitu," Mwanabaraka akajibu. "Weka."

Mwaka wa kwanza ukapita bila mimba. Wa pili nao ukapita. Mwinjuma akavimba kama bunju. Kila asubuhi mnada ukimalizika, wanaume walivuta makasha ya samaki wakakaa, naye akasimama katikati. Wakamwita Profesa. Jina hilo alipewa kwa utani, akalipokea kwa dhati.

"Nani hapa mkewe kakaa miaka miwili hajashika?" aliuliza. "Nyoosheni mikono! Hakuna. Sasa nisikilizeni."

Hatua kumi tu kutoka hapo, Mwanabaraka aligeuza vibua kwenye karai. Alikaa kimya kwa woga, maana talaka si neno la kuchezea kwa mwanamke mwenye watoto sita. Na tuseme na lililo baya: alikuwa anafurahia pia. Kumtazama mtu anayejivunia kazi uliyoifanya wewe kuna utamu wake, hasa kama mtu huyo hajawahi kukuacha umalize sentensi. Alikuwa akigeuza samaki na kucheka moyoni.

Wanafunzi walianza kuvuna. Mke wa Salumu, mvuvi wa nyavu, alishika mimba mwezi wa pili wa masomo. Mwinjuma hakutikisika.

"Salumu anafuata mwezi wa kimataifa," alieleza. "Mie nafuata mwandamo wa hapa hapa. Kapishana na maji siku nzima, mnategemea nini?"

Makasha yote yakakubali. Kisha ikafika zamu ya Nassibu, mchuuzi, ambaye mwezi wake ulikuwa wa hapa hapa na kalenda yake ilinakiliwa kwa mkono wa Profesa mwenyewe. Huyo aliambiwa kwamba mkewe ni mtu wa Tabora, na maji ya bahari hayamjui.

Wanawake hao wawili walipita mbele ya karai na matumbo yao. Mwanabaraka aliwauzia samaki, akawaongeza kipande cha bure. Zaidi ya kipande hakuwaongeza kitu.

Munira alikuwa ameolewa na Anwar, fundi wa viyoyozi kwenye hoteli za pwani. Mtoto wao Najat alizaliwa kwa upasuaji, na Munira akaonywa asibebe tena kabla ya miaka miwili. Alimaliza arobaini nyumbani kwa mama yake, kama ilivyo ada, na Anwar alikuwa akija kila jioni kuwatazama. Ole wake, kila jioni alimkuta baba mkwe barazani. Siku ya kuondoka Anwar aliibana kalenda yake kwapani, tayari imezungushiwa nyekundu.

Munira alimfuata mama yake uani. "Mama, hivi hii njia ya baba kweli inafanya kazi?"

Swali lilikuwa moja na jibu lilikuwa mkononi mwa mama yake, hata khanga ilikuwa haijalifunika vizuri. Mwanabaraka akasikia mumewe anakohoa barazani.

"Mbona sie tupo," akasema, akaendelea kuosha sufuria.

Alijiambia atampeleka kwa Sebastian wiki ijayo. Wiki ijayo samaki walikuwa wengi. Iliyofuata Munira alikuwa na mafua. Visingizio havijawahi kuadimika mjini hapa hata siku moja, na mwanamke huyu hodari, anayeweza kumkimbiza mteja mkorofi mpaka barabarani, alivitumia kimoja kimoja kwa miezi mitatu na nusu.

Ijumaa moja baada ya swala, Mwinjuma alikuwa barazani na Anwar, Salumu na Nassibu. Ndiyo, hata Nassibu. Kuna watu wakipotea njia humshika zaidi aliyewapoteza. Mwanabaraka alikuwa jikoni anapakua pilau. Munira akaingia na Najat begani, mtoto wa miezi mitano.

"Mama, nimepitisha siku kumi na mbili," akasema. "Na tumefuata kila kitu. Anwar hajakosea hata siku moja."

Mwanabaraka aliweka upawa chini. Hofu ya talaka aliyoilea miaka mitatu ikamtoka yote kwa mara moja, na nafasi yake ikaingia hasira, nyingi ya kujikasirikia mwenyewe. Akatokea barazani bila hata ya mtandio.

"Baba Munira, lete mkono."

"Huoni nina wageni?"

"Wageni wakae. Lete mkono." Akavishika vidole vya mumewe, akavipeleka upande wa ndani wa mkono wake wa kushoto, juu ya kiwiko. "Papasa."

Mwinjuma akapapasa. "Nini hiki?"

"Hayo ndiyo maji mafu yako. Mwaka wa tatu huu."

Anwar ndiye aliyeelewa kwanza; aliinuka akakimbilia jikoni kwa mkewe. Salumu alianza kuhesabu kitu kwenye vidole, akaacha. Mwinjuma alibaki na vidole vyake hewani. Sauti yake, kwa mara ya kwanza, haikufika hata getini.

"Kwa hiyo," akasema, "haikuwa hesabu zangu?"

"Mwanao amepasuliwa juzi tu na ana mimba nyingine tumboni," Mwanabaraka akamfokea, "na wewe unalilia hesabu!"

Siku tatu Mwinjuma hakuongea. Mwanabaraka alikunja nguo zake, akazipanga juu ya sanduku, akangoja kuachwa. Siku ya nne alfajiri mume alikwenda mnadani kama kawaida, akauza, kisha akasimama kati ya makasha.

"Ndugu zangu, elimu haina mwisho," akasema kwa sauti yake yote. "Maji peke yake hayatoshi. Maji yanataka kijiti. Mie mwenyewe nimemfanyia majaribio mke wangu miaka mitatu, sikutaka kuwaambia kabla sijahakikisha. Wapelekeni wake zenu."

Mwanabaraka alitamani kumtupia karai pamoja na mafuta yake. Lakini akaona wanaume wanaitikia kwa vichwa, na kwamba wake zao sasa wangepita mchana kweupe mahali alipopita yeye kwa kuaga mafuta. Akauma meno, akamwachia mwanaume ushindi wake. Kuachwa hakuachwa, profesa hawezi kuacha ushahidi.

Jumatatu benchi la uzazi wa mpango pale zahanati lilijaa. Mwinjuma alikuja pia, akasimama mlangoni akiwapanga watu foleni na kumweleza Sebastian namna ya kufanya kazi yake. Wanawake walimshika Mwanabaraka mkono, mmoja akamwita mkombozi. Akauchomoa mkono wake.

Benchi la pili, la wajawazito, lilikuwa ng'ambo ya ukumbi. Huko alikaa Munira, Najat mapajani, kadi mpya mkononi. Sebastian alikuwa ameshamweleza kwa sauti ya chini kwamba atafuatiliwa hospitali kubwa tangu mwanzo, kwa sababu mshono ni mbichi, na kwamba akisikia maumivu yoyote asingoje kukuche.

Mwanabaraka alivuka, akakaa karibu naye.

"Mama, nilikuuliza," Munira akasema.

"Uliniuliza."

Najat alimwona bibi yake, akacheka, akanyoosha mikono achukuliwe. Munira akamgeuzia upande wa pili.