Nakili Swali Kwanza

Mwalimu Romano Lokule alikuwa amechoka kabla sijamjua, na mimi nilimjua miaka saba. Shule yetu ya Ludara, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ilikuwa na walimu watatu. Yeye alishika darasa la sita na la saba katika chumba kimoja, hawa wakitazama ukuta huu, wale ukuta ule, naye katikati akigeukageuka mchana kutwa. Mwaka ule wa 1977 chaki ziliadimika, akawa anaandika ubaoni kwa kipande cha muhogo mkavu. Kitabu cha hesabu kilikuwa kimoja, tena hakikuwa na jalada.

Kwa hiyo kila kitu kilitoka ubaoni. Aliandika maswali matano, tukayanakili mbio mbio, akafuta, akaandika mengine. Asiyenakili alibaki bila cha kujibu. "Nakili swali kwanza," alisema kila siku, na aliyerukia jibu alichapwa kiganjani. Mimi nilichapwa sana, maana subira sikuwa nayo na mwandiko wangu ulikuwa aibu tupu. Hawah binti Yakubu hakuchapwa hata mara moja.

Ofisa wa elimu alikuwa ameshatoa onyo. Miaka mitatu hakuna mtoto wa Ludara aliyefaulu mtihani wa kwenda sekondari. Safari hii asipopatikana hata mmoja, darasa la saba litafungwa. Mwalimu alimtegemea Hawah. Sote tulijua, wala hatukumwonea wivu.

Tulikwenda kufanyia mtihani mjini Koboko, watoto kumi na mmoja kwa miguu, na mwalimu akaambiwa asubiri nje. Hesabu ilitangulia. Kwa mara ya kwanza nikashika maswali yaliyopigwa chapa, yangu peke yangu. Mimi mvivu nikajibu moja kwa moja, nikakosea karibu yote.

Tulipotoka, Hawah alikuwa anatabasamu.

"Mwalimu, mimi nimeandika maswali yote hamsini. Hakuna moja imebaki."

"Na majibu?"

"Majibu iko tisa. Saa ilikwisha."

Mwalimu alikaa chini pale pale kwenye majani. Akatuuliza mmoja mmoja, akakuta wanane wamefanya vivyo hivyo. Hakugomba.

"Mchana iko Kiingereza," alisema. "Jibu tu. Msinakili kitu."

Hawah alimtazama kama mtu aliyeambiwa aibe.

Kiingereza alikifanya vizuri sana, lakini hesabu ilimwangusha, na barua ya matokeo iliyokuja Februari haikuwa na jina la mtoto wetu yeyote. Nilimkasirikia mwalimu yule miaka mingi. Sasa mimi mwenyewe nafundisha watoto tisini bila vitabu, na hasira imeniisha.

Nyumba yetu ilipakana na ya kina Hawah, kwa hiyo nilikuwapo siku ile, baada ya barua, mwalimu alipokuja kwa baba yake. Mzee Yakubu alimpa kiti, akamletea chai isiyo na sukari.

"Mzee, kosa ni yangu," mwalimu alisema. "Mtoto hana kosa. Ni mimi nilimfundisha vile."

Yakubu alimsogezea kikombe. "Haina neno, mwalimu. Kila mutu anakosea. Mwaka hii atarudia darasa kwako."

Hawah alikuwa amesimama mlangoni, amekwisha vaa sare, imefuliwa. Mwalimu Lokule alishika kikombe kwa mikono miwili, na ilimchukua muda mrefu kuwaambia kwamba darasa lenyewe halipo tena.