Mikono ya Kuosha Mizizi

Mama mkubwa, dada wa mama yangu, ana vidole vilivyokunjamana kama vya mtu aliyetoka kufua sasa hivi. Kazi yake ni kuosha mizizi. Watu wakisikia hucheka: "Mizizi nayo huogeshwa?" Naye huwajibu, "Huogeshwa, na haina shukrani, kama nyinyi."

Kituo cha utafiti kiko jangwani, kimezungushiwa waya. Kwenye banda refu yamesimamishwa mabomba ya plastiki yaliyojaa mchanga, kila bomba na mche wake mmoja mdogo wa jangwani. Mingine hunyweshwa, mingine huachwa na kiu. Inayoshiba maji hujaa majani, na mzizi wake ni mfupi, mvivu. Yenye kiu ina vijani viwili vitatu tu, unaweza kuipita usiione. Lakini ukipasua bomba, mzizi umeteremka mpaka kwenye kifuniko cha chini, ukagonga, ukaanza kujizungusha papo hapo. Hauna pa kwenda.

"Chakula ni kilekile," mama mkubwa aliniambia. "Kikipelekwa chini, juu kunakonda. Kikipelekwa juu, chini kunakonda. Hakuna mmea unaoshiba kote kote."

Mche hukatwa shingoni, majani mfuko wake, mizizi mfuko wake, vikakaushwa na kupimwa. Mkuu wa kituo tunamwita Bwana Mizani. Ukipiga chafya mbele yake, wanasema, ataipima. Kimzizi chembamba kama unywele kikipotea kwenye beseni, vipimo vyote vimeharibika. Ndiyo maana hamwachi mama mkubwa aende. Binti yake alijifungua mjini kwetu, huko kwenye mvua. Mjukuu ameanza kutambaa, bibi hajawahi kumshika. Kila akiomba kuacha kazi, Bwana Mizani humjibu kwa upole, "Mama, nipatie mikono kama yako, uende hata kesho." Na lori ni la kituo. Bila ruhusa yake hupandi.

"Bibi wewe ulishaota mizizi hapa," dereva humtania.

"Basi kaa mbali, nisikunyonye maji."

Ndipo akaniita mimi nijifunze, nishike nafasi yake.

Alinifundisha kumwagia maji taratibu juu ya chekecheke, kidole kikiwa chini ya mzizi, si juu. "Usiuvute. Uache uamke wenyewe." Mwanzoni nilikata mingi. Baadaye mikono ikasikia. Nilidhani atafurahi, lakini kadiri nilivyojua ndivyo alivyozidi kunyamaza. Siku moja akaniuliza, "Wewe ungependa kazi gani?"

"Sijui."

"Hujui, au hujaulizwa?"

Nikaangalia ule waya.

Siku ya kujaribiwa, lori lilikuwa linapakia. Furushi la mama mkubwa lilikuwa limeshafungwa, liko kitandani. Bwana Mizani akasimama juu ya beseni. Nikaosha mche wenye kiu, mzizi mrefu kunizidi mimi, ukatoka mzima na nyuzi zake zote.

"Aisee!" akasema, akageuka kuchukua trei.

Mama mkubwa akatia mkono majini kana kwamba ananisaidia. Nikauhisi ukucha wake ukipita chini ya kidole changu. Mzizi ukakatika katikati.

"Umeona?" akamwambia Bwana Mizani alipogeuka. "Huyu mikono yake mizito. Atawaharibia kazi. Mrudisheni kwao, lori si lile pale?"

Bwana Mizani akautazama mzizi, akamtazama yeye. "Na wewe, mama?"

"Mimi nipo. Niende wapi?"

Nilifungua mdomo. Akanikanyaga mguu, kwa nguvu, mpaka nikaufunga.

Chumbani alifungua furushi, akatoa kisweta kidogo alichokifuma, akanipa. "Mvalishe mjukuu wangu. Kikimbana, usiniambie."

"Mama mkubwa, mimi ningekaa..."

"Ungekaa, ndiyo. Hata mimi nilisema nitakaa msimu mmoja."

Dereva aliponiona napanda alicheka. "Umefukuzwa kabla ya kuajiriwa? Hongera!" Nikashika kisweta, nikatazama nyuma. Mama mkubwa ameshakaa kwenye kigoda chake, ameinamia beseni, anapapasa majini akitafuta kile kipande kilichokatika, kisije kikakosekana kwenye mizani.